Kumwandaa muuguzi kwa OSCE ya Uingereza: kazi salama lazima ionekane na isikike

Wengi wanaoanguka OSCE, mtihani wa vitendo wa wauguzi wanaotaka kusajiliwa Uingereza, ni wauguzi wanaoijua kazi yao. Miaka ya wodini imewafundisha kupima, kutazama na kuamua haraka, kimyakimya, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye jambo linalofuata. Mtahini haoni yaliyo kichwani mwao. Ana karatasi ya vigezo na kalamu, na huweka alama kwa alichokiona na alichokisikia tu. Ukiipitisha macho tarehe ya kuisha kwa dawa bila kuitamka, kwenye karatasi yake hukuiangalia. Kwa hiyo maandalizi hayaanzi upya kumfundisha mtu uuguzi. Yanamfundisha kuiweka hadharani kazi anayoijua, ndani ya dakika alizopewa, kwa taratibu za hospitali za Uingereza.

Mwongozo huu ni wa wauguzi wa watu wazima waliosomea Kenya, Tanzania, Uganda na jirani zake, pamoja na wenzao waliotangulia ambao sasa wanawafundisha wapya.

Mtihani ulivyo

OSCE ni sehemu ya pili ya mtihani wa umahiri wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC. Sehemu ya kwanza, CBT, hufanywa kwenye kompyuta: maswali 15 ya hesabu za dawa na 100 ya taaluma. Hiyo unaweza kuimaliza Nairobi kabla hujapanda ndege. OSCE hufanyika Uingereza tu, katika maeneo matano: Northampton, Oxford Brookes, Northumbria, Ulster na Leeds.

Una vituo 10. Vinne vinafuata mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tathmini, mpango wa huduma, utekelezaji (yaani utoaji wa dawa) na makabidhiano. Vinne vingine ni vya ujuzi wa mikono, navyo vimeunganishwa viwiliviwili. Viwili vya mwisho ni vya maandishi: kimoja kuhusu maadili ya taaluma, kingine kuhusu kutumia matokeo ya utafiti. Lazima ufaulu vyote.

Ada ni pauni 794. Ukirudia vituo saba au pungufu unalipa 397. Vikiwa vinane au zaidi unalipa ada kamili. Kila ombi lina nafasi tatu, na ukiangukia zote tatu unasubiri miezi sita ndipo uombe upya. Juu ya hayo kuna masharti ya viza: jaribio la kwanza lifanyike ndani ya wiki 12 tangu tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa kwenye cheti cha udhamini, na mtihani ufauliwe ndani ya miezi minane. Waajiri wengi hulipia jaribio la kwanza. Soma mkataba ujue nani analipia la pili, na utadaiwa nini ukiacha kazi mapema. Swali hilo ulizwe kabla ya kutia saini.

Mazoezi ya watu watatu

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: mmoja mgonjwa, mmoja mtahiniwa, mmoja mtahini mwenye karatasi ya vigezo na saa. Kisha mnabadilishana. Maeneo ya mtihani huchapisha mitihani ya mfano pamoja na vigezo vyake. Chapeni hiyo, wala msitegemee orodha zinazozunguka WhatsApp, kwa sababu nyingi ni za mtihani wa kabla ya mabadiliko ya Agosti 2021.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya anayejifanya mtahini. Anamjua mwenzake, anajua kwamba alimaanisha kuangalia mzio, basi anamwekea tiki. Hiyo ni huruma inayomgharimu mtu pauni 397. Kanuni iwe moja: sikuona, sikusikia, hakuna alama. Baada ya zoezi asome vigezo vilivyokosekana kimoja kimoja, na kituo kirudiwe papo hapo, kabla kosa halijapoa.

Mazoezi yafanywe kwa Kiingereza tangu dakika ya kwanza, hata kama nyote watatu mmetoka Kisumu. Ukizoea kueleza utaratibu kwa Kiswahili, siku ya mtihani ulimi utatafuta maneno wakati mikono inangoja, na dakika zinapotelea hapo. Jirekodi kwa simu (wewe na wenzako tu, kamwe asiwepo mgonjwa halisi), usikilize ulivyokimbiza maneno.

Dakika ya kwanza

Karibu kila kituo chenye mgonjwa kinaanza kwa hatua zile zile, na alama zake ni rahisi kuzipata:

1. Soma maelezo ya kituo hadi mwisho. Watu hukosa kwa kufanya kisichoulizwa.
2. Hakikisha mazingira ni salama, kisha safisha mikono hatua zote: sekunde 20 hadi 30 kwa jeli, 40 hadi 60 kwa maji na sabuni.
3. Jitambulishe kwa jina na cheo.
4. Muulize mgonjwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na tepe ya mkononi na karatasi zake, pamoja na namba ya hospitali.
5. Muulize angependa aitweje.
6. Uliza kuhusu mzio, na mzio huo humfanya nini.
7. Eleza unachotaka kufanya, pata ridhaa yake, funga pazia.

Hatua ya tano inawahusu sana watu wa kwetu. Kumwita mgonjwa mzee "mama" au "baba" ni adabu tuliyolelewa nayo. Mgonjwa wa Uingereza hatausikia upole huo, na mwingine atakereka. Uliza, kisha litumie jina alilokupa mpaka mwisho wa kituo.

Hatua ya pili nayo ina jambo lake. Hospitali za huko zinataka mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka chini: hakuna saa, hakuna bangili, na pete ni ile moja ya ndoa isiyo na jiwe. Saa hubandikwa kifuani. Glavu zivaliwe pale penye damu, majimaji ya mwili au kemikali. Kupima presha au kumpa mtu vidonge ukiwa na glavu hakukuongezei usalama wala alama. Kunamwonyesha mtahini kwamba hujui glavu zinamkinga nani na nini.

Kuhusu kusema kwa sauti: usimhutubie mtahini. Zungumza na mgonjwa. "Sasa nitahesabu mapigo ya moyo wako kwa dakika nzima, kisha nitakwambia nilichokipata" inakupa alama ya kipimo, ya muda sahihi na ya mawasiliano kwa pumzi moja. Anayemtazama mtahini na kusoma hatua kama orodha humwacha mgonjwa kitandani kama samani, na hilo nalo huonekana.

Tathmini: hapa pana alama nyingi, na mitego

Mpangilio ni A hadi E: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima kwa jumla. Baada yake unamuuliza mgonjwa kuhusu maisha yake: anakula vipi, analalaje, anaishi na nani, anajihudumia kwa kiasi gani, ana wasiwasi gani. Wengi humaliza vipimo vizuri halafu wakaishiwa dakika kabla ya maswali haya. Yaulize huku ukifunga kitambaa cha presha au ukisubiri kipimajoto.

Usiyaulize ukiwa unahesabu pumzi. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, mkono wako ukiwa bado kwenye kifundo cha mkono wake kana kwamba unaendelea na mapigo, kwa sababu mtu akijua unamhesabia pumzi huzibadilisha bila kutaka. Kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne ni mazoea ya wodi yenye wagonjwa arobaini na muuguzi mmoja. Hapa kunakukosesha alama, na upumuaji ndio kipimo kinachotangulia kubadilika mgonjwa anapoanza kuzorota.

Vipimo huandikwa kwenye NEWS2, chati ya kutambua mapema mgonjwa anayezorota, iliyotolewa na chuo cha madaktari bingwa cha Uingereza mwaka 2017. Kila kipimo kina alama 0 hadi 3. Zikae kichwani:

Upumuaji: 12–20 ni 0, 9–11 ni 1, 21–24 ni 2, 8 na chini, au 25 na juu, ni 3.
Oksijeni ya damu, kwa kipimo cha kwanza kati ya viwili vya chati: 96 na juu ni 0, 94–95 ni 1, 92–93 ni 2, 91 na chini ni 3.
Akiwa kwenye oksijeni ya ziada: ongeza 2.
Presha, namba ya juu: 111–219 ni 0, 101–110 ni 1, 91–100 ni 2, 90 na chini, au 220 na juu, ni 3.
Mapigo: 51–90 ni 0, 41–50 au 91–110 ni 1, 111–130 ni 2, 40 na chini, au 131 na juu, ni 3.
Fahamu: yu macho ni 0, amechanganyikiwa ghafla, au anaitikia sauti tu, au maumivu tu, au haitikii, ni 3.
Joto: 36.1–38.0 ni 0, 35.1–36.0 au 38.1–39.0 ni 1; 39.1 na juu ni 2, 35.0 na chini ni 3.

Chukua mgonjwa anayepumua mara 22, oksijeni 94 kwa hewa ya kawaida, presha 108 kwa 64, mapigo 104, yu macho, joto 38.4. Ni 2, 1, 0, 1, 1, 0 na 1. Jumla 6. Hakuna namba moja hapo ya kumtisha mtu aliyezoea wodi yenye shughuli, na ndiyo maana chati ikatungwa. Jumla ya 5 au 6 inataka kipimo kirudiwe angalau kila saa na timu ya madaktari iitwe haraka. Ukifika 7, mgonjwa afuatiliwe mfululizo na timu ya dharura iitwe. Jumla ya 1 hadi 4 ni kila saa nne hadi sita, na 0 ni kila saa 12. Alama 3 kwenye kipimo kimoja nayo inataka angalau kila saa, hata kama vingine vyote ni sifuri. Usiishie kuandika 6. Sema 6 inamaanisha nini, nani ataitwa, na lini utapima tena.

Mtego mkubwa wa chati hii ni kipimo cha pili cha oksijeni. Kimewekwa kwa wale ambao daktari ameagiza walengwe asilimia 88 hadi 92, kwa kuwa miili yao hulimbikiza hewa ukaa. Mgonjwa kuwa na pumu, au hata ugonjwa sugu wa mapafu, hakutoshi kumhamishia huko. Pasipo agizo, tumia cha kwanza.

Kila karatasi unayoshika iandikwe kwa wino mweusi, iwe na jina la mgonjwa, tarehe kwa mfuatano wa siku, mwezi, mwaka, na saa kwa mfumo wa 24. Saa nane mchana ni 14:00. Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, weka herufi za jina lako, tarehe na saa, endelea. Kufuta kwa wino mweupe au kuandika juu ya kosa hakukubaliki.

Mpango wa huduma

Kituo cha mpango ni cha kuandika. Chagua matatizo yanayotoka kwenye tathmini uliyoifanya, siyo kwenye kitabu. Kwa kila moja andika lengo linalopimika, siku na saa ya kulipitia tena, yale muuguzi atakayofanya, na yale mgonjwa atakayojifanyia mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa wazi mara nyingi, pengine kwa kuwa kwetu ndugu wa mgonjwa huwa pembeni ya kitanda tayari kumfanyia. Wodi ya Uingereza inatarajia mgonjwa ajihudumie anavyoweza: abadilishe ulalo wake, aripoti maumivu yakizidi, anywe maji aliyoshauriwa.

Epuka sentensi kama "fuatilia hali". Andika "pima vipimo vya NEWS2 kila saa, mwite daktari jumla ikifika 5". Mwandiko usomeke, kila ukurasa utiwe saini.

Dawa: kosa moja linaweza kuondoka na kituo kizima

Yapo makosa ya usalama yanayoangusha kituo peke yake, hata kama mengine yote umeyafanya vizuri. Kumpa dawa mwenye mzio nayo ndilo la kwanza. Fanya hivi kwa kila dawa, moja baada ya nyingine, pasipo kuzikusanya zote kwenye kikombe kisha ukaanza kuzikagua:

1. Thibitisha mgonjwa kwa mdomo, tepe na karatasi ya dawa. Mzio uliotajwa na mgonjwa ulingane na ulioandikwa.
2. Soma agizo: tarehe, jina la dawa, kipimo, njia, saa, saini ya aliyeagiza, siku ya kuacha.
3. Tazama ilitolewa lini mara ya mwisho.
4. Linganisha na hali ya mgonjwa sasa hivi. Dawa ya presha kwa mtu mwenye 88 kwa 50 inasubiri. Digoksini kwa mwenye mapigo chini ya 60 inasubiri pia. Mwite aliyeagiza.
5. Chukua boksi: jina, nguvu, tarehe ya kuisha. Yatamke.
6. Piga hesabu. Agizo la gramu 1, kidonge cha miligramu 500: viwili.
7. Dondoshea vidonge kwenye kikombe bila kuvigusa.
8. Mweleze mgonjwa dawa ni ya nini na inaweza kumletea nini. Akae wima, apewe maji, umwone akimeza.
9. Ndipo utie saini. Saini ya kabla ya kumeza ni kosa.

Majina ya dawa yanahitaji mazoezi yake. Muuguzi aliyezoea kusikia Augmentin Nairobi au Dar es Salaam anakuta kwenye karatasi imeandikwa co-amoxiclav, na tepe ya mgonjwa inasema ana mzio wa penisilini. Augmentin na co-amoxiclav ni dawa ile ile, na ndani yake mna amoksisilini, ya ukoo wa penisilini. Piperacillin-tazobactam nayo ni ya ukoo huo. Andika orodha ya dawa zote za ukoo wa penisilini kwa majina yanayotumika Uingereza, ibandike mlangoni kwako.

Mtego wa pili ni parasetamoli. Mtu mzima hupewa gramu 1, pengo lisipungue saa nne, na kwa saa 24 asizidishe gramu 4. Ikiwa alipewa 10:30 na sasa ni 13:15, hapewi hata akilalamika maumivu; mapema kabisa ni 14:30, na wakati huo huo umpe njia nyingine ya kumpunguzia maumivu na umjulishe daktari. Kisha geuza ukurasa wa dawa za inapohitajika: co-codamol ina parasetamoli ndani yake. Mgonjwa aliyekwisha kumeza vidonge viwili vya co-codamol 30/500 ameshapata gramu 1. Watu wengi hupita hapa kwa sababu dawa mbili hizo zimeandikwa kurasa tofauti. Uzito chini ya kilo 50 nao ni sababu ya kusita na kumuuliza aliyeagiza.

Dawa usiyoitoa haiachwi wazi. Kuna namba za sababu chini ya karatasi. Weka namba inayohusika, saini, na uandike ulimwarifu nani.

Makabidhiano

SBAR ni hali iliyopo, historia, tathmini, mapendekezo. Makabidhiano haya hutolewa kwa mdomo kwa muuguzi anayempokea mgonjwa. Kosa la kawaida ni kusimulia maisha yote ya mgonjwa halafu ukamalizia bila kuomba chochote. Mapendekezo yawe na kitenzi na saa: "naomba vipimo virudiwe saa 15:00, na dozi inayofuata ya antibayotiki ni 18:00". Taja mzio. Taja dawa ulizotoa na ulizozuia, pamoja na sababu.

Ujuzi wa mikono

Orodha ni ndefu: sindano ya msulini na ya chini ya ngozi, sampuli ya mkojo, kuondoa mpira wa mkojo, kidonda, mpira wa kulishia wa puani, sukari ya damu, oksijeni, mizani ya maji (yanayoingia na kutoka mwilini) na kadhalika. Hutajua utapewa vipi, hivyo ukiruka kimoja unacheza bahati nasibu. Tuchukue kimoja kwa undani, kwa sababu kanuni zake zinajirudia kwenye vingi: kusafisha kanula ya mshipa kwa maji ya chumvi bila kuleta maambukizi.

1. Thibitisha mgonjwa, ridhaa na mzio. Uliza pia kuhusu klorheksidini.
2. Soma agizo la maji ya chumvi ya asilimia 0.9, angalia ampuli au bomba lililojazwa tayari na tarehe yake.
3. Safisha mikono, vaa aproni. Futa trei na uiache ikauke.
4. Andaa bomba la mililita 10. Bomba dogo hutoa msukumo mkubwa zaidi kwenye mshipa, hivyo la mililita 2 halifai hata kama kiasi kinatosha.
5. Itazame kanula na uipe alama ya VIP, inayopima kuvimba kwa mshipa. 0 ni safi. Maumivu kidogo au wekundu kidogo ni 1, endelea kuiangalia. Ikifika 2, haisafishwi. Inatolewa na nyingine inawekwa pengine. Ukisafisha kanula yenye alama 2 umefanya ujuzi vizuri mahali pabaya.
6. Safisha mikono tena, vaa glavu.
7. Sugua kifuniko cha kanula kwa kitambaa cha klorheksidini asilimia 2 ndani ya alkoholi asilimia 70, angalau sekunde 15. Kiache kikauke chenyewe. Kukipuliza au kukipepea kunarudisha vijidudu, na mtahini anakuangalia hapo hapo.
8. Unganisha bomba bila ncha yake kugusa chochote. Ikigusa kidole au shuka, sema imegusa, itupe, anza na mpya. Kosa lililotambuliwa na kurekebishwa hubeba uzito tofauti kabisa na kosa lililofichwa.
9. Sukuma kidogo, tua, sukuma, tua, ukimuuliza mgonjwa kama anasikia maumivu. Funga kibanio huku mililita ya mwisho ikiendelea kuingia, damu isirudi.
10. Tupa vitu palipo sahihi, vua glavu, kisha aproni, safisha mikono, andika.

Kinacholindwa muda wote ni sehemu muhimu: ncha ya bomba, kifuniko kilichosafishwa, mdomo wa ampuli. Muuguzi anayejua sehemu muhimu za kila kifaa hahitaji kukariri hatua. Anaweza kusitishwa katikati na akaendelea.

Kwa vingine, haya ndiyo huponyoka. Sindano ya msulini: vuta ngozi pembeni, ingia kwa nyuzi 90, subiri sekunde kama 10 kabla ya kutoa, usikande, na sindano iende moja kwa moja kwenye boksi lililo karibu nawe bila kufunikwa tena. Kipimo cha nguvu ya pumzi: kielekezi kirudishwe sifuri kila mara, vidole visizuie njia yake, mgonjwa apulize mara tatu, na uandike ya juu kuliko zote wala usitafute wastani. Sampuli kutoka mpira wa mkojo huchukuliwa kwenye tundu la sampuli lililosafishwa, kamwe si kwenye mfuko. Mizani ya maji huanguka kwa hesabu tu, kwa hiyo jumlisha mara mbili na uweke alama ya kuongeza au ya kutoa mbele ya jibu. Sukari chini ya milimoli 4 kwa lita haiandikwi ikaachwa. Inatibiwa na kurudiwa.

Ufufuaji unahitaji uangalifu kwa walio na vyeti vya mfumo wa Kimarekani, ambavyo ni vingi Afrika Mashariki. Kifua kinabonyezwa vile vile: mara 30 kwa pumzi 2, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kinachobadilika ni maneno na mpangilio wa wodi: angalia usalama, mtikise na kumwita, paza sauti ya msaada, fungua njia ya hewa, tazama pumzi na mshipa wa shingo kwa pamoja kwa muda usiozidi sekunde 10, kisha agiza mtu apige 2222, namba ya dharura ya ndani ya hospitali, na kutaja wodi. Mwambie mtu mmoja, na umwombe arudi kuthibitisha kwamba amepiga.

Vituo viwili vya kimya

Hivi hufanywa kwa maandishi, na hudharauliwa. Cha maadili kinakupa tukio: mwenzako ananuka pombe kazini, kosa la dawa limetokea, mtu ameweka picha ya wodi mtandaoni. Jibu linalokosa alama ni lile la kumsitiri mwenzio au la kumshauri pembeni tu. Anza na usalama wa mgonjwa, kisha toa taarifa kwa aliye juu, jaza fomu ya tukio, mweleze mgonjwa ukweli na umwombe radhi palipotokea madhara, na uonyeshe msaada kwa mwenzako. Soma kanuni za NMC zote. Ni fupi, na majibu yanatakiwa yatoke humo.

Cha utafiti kinakupa muhtasari wa utafiti na swali la mgonjwa. Kazi ni kueleza kwa lugha nyepesi utafiti umepata nini, kinamhusu mgonjwa huyu kwa kiasi gani, na ukomo wake uko wapi. Usiongeze unachokijua kutoka nje ya karatasi.

Kuzigawa wiki 12

Wiki mbili za kwanza zimalizwe kwenye vifaa na karatasi: chati, karatasi ya dawa, pampu, mabomba, rangi za mifuko ya taka. Mtu asiyejua kibanio kinafungwaje hawezi kufanya mazoezi ya kituo. Wiki ya tatu hadi ya sita ni ujuzi, viwili au vitatu kwa siku, bila saa mwanzoni, kisha na saa. Ya saba na ya nane ni mnyororo wa vituo vinne kwa mgonjwa mmoja, ukirudiwa na magonjwa tofauti. Wiki ya tisa fanyeni mtihani kamili wa vituo 10, na mtahini awe mtu asiyewafundisha. Tarehe ya mtihani halisi iwekwe mapema, kati ya wiki ya kumi na ya kumi na mbili, ili ugonjwa au kuahirishwa kusivunje sharti la viza.

Mkufunzi aweke daftari la kila mtahiniwa lenye vigezo alivyokosa. Baada ya wiki chache utaona mtu hana udhaifu wa vituo, ana udhaifu wa tabia moja inayojitokeza kila mahali: haulizi ridhaa, au hasafishi mikono anapotoka kwenye vifaa kumrudia mgonjwa, au hatii saini. Shughulikia tabia hiyo, vituo vitano vitapona kwa mkupuo.

Na wale wanaofanya zamu za usiku wakati wa maandalizi wapewe ratiba nyepesi. Mtu aliyetoka kazini saa mbili asubuhi hajifunzi chochote saa nne. Mameneja wanaolipia mtihani wana kila sababu ya kukubali hilo, wakufunzi walisemee.

Ukianguka

Matokeo huja na kituo kilichokosekana na sababu zake. Yasome pamoja na karatasi ya vigezo, tenganisha kilichotokana na kutojua na kilichotokana na kutosema au kuishiwa muda. Cha kwanza kinataka mafunzo. Cha pili kinataka kituo kile kifanywe mbele ya mtu mgeni, kwa saa, mara nyingi, mpaka hatua zitoke bila kuzitafuta. Kati ya majaribio lazima zipite angalau siku 10. Usikimbilie tarehe ya kwanza inayopatikana kama daftari lako bado linaonyesha kosa lile lile, maana jaribio la tatu ndilo la mwisho kabla ya ile miezi sita, na saa ya viza inaendelea kuhesabu.